Ukishitakiwa kwa Deni, Usijifiche

Ndugu msomaji, labda wakaa Newala juu ya uwanda, au Masasi huku chini. Korosho zako umekwisha zipeleka chama cha msingi, nazo ziko ghalani. Wangoja mnada, na baada ya mnada fedha ziingie benki. Lakini kabla fedha hazijaingia, mtu anapiga hodi na karatasi mkononi. Ni wito wa Mahakama ya Mwanzo. Mpwa wako alikopa fedha za pikipiki, nawe mjomba wake ulimdhamini. Sasa hakulipa, na mkopeshaji amewashitaki ninyi wawili. Je, utafanyaje?

Wengi huikunja karatasi hiyo na kuificha chini ya godoro, hata mke asijue. Wengine huenda kumtembelea shemeji huko Tandahimba mpaka siku ya shauri ipite. Hudhani kwamba asipofika mdaiwa, shauri halitaendelea. Wanajidanganya. Hakimu akithibitisha kwamba ulipewa habari nawe hukuja, aweza kusikiliza upande mmoja na kutoa hukumu. Kisha mdai huomba hukumu ikaziwe, na mali yako yaweza kukamatwa na kuuzwa.

Tena iko hasara nyingine isiyoonekana kwa macho. Zamani sifa ya mkopaji ilijulikana kijijini tu. Mwenye duka alijua nani hulipa, na nani akimwona hupita njia nyingine. Siku hizi sivyo. Kwa kanuni za mwaka 2012, Benki Kuu ya Tanzania iliweka utaratibu wa kukusanya taarifa za wakopaji, na makampuni yenye leseni yake, kama vile Creditinfo, huwapa wakopeshaji taarifa hizo. Humo huonekana umekopa wapi, kiasi gani, na kama umelipa kwa wakati au umechelewa. Hata mkopo mdogo wa simu waweza kuwamo. Mwaka ujao ukitaka mkopo wa salfa au wa kuezeka nyumba, afisa wa mikopo atasoma habari zako kabla hajakujibu.

Hapa watu hulaumu mahali pasipo lawama. Husema, "Hakimu amenichafulia jina." La, ndugu yangu. Mwenye kupeleka habari za mkopo ni mkopeshaji, naye hupeleka hata kabla ya kwenda mahakamani, tangu malipo yalipochelewa. Kwa hiyo kuikimbia mahakama hakufuti kitu. Huongeza gharama za shauri juu ya deni, na siku zinazopita bila malipo huzidi kukuharibia sifa. Lakini shauri la mpaka wa shamba, au la mbuzi aliyekula mihogo ya jirani, si mkopo. Hilo lisikutie hofu kwa upande wa benki.

Tazama mambo ya nchi nyingine. Huko Uingereza, hukumu ya deni huandikwa katika daftari ambalo mtu yeyote aweza kulichungulia, nayo hukaa humo miaka 6. Lakini aliyehukumiwa akilipa deni lote katika muda wa mwezi mmoja, hufutwa. Huko Marekani, makampuni makubwa 3 ya habari za mikopo yalikuwa yakiandika hukumu za madai. Mwaka 2017 yalianza kuziondoa, kwa kuwa nyingi hazikuwa na anwani kamili wala tarehe ya kuzaliwa, na mtu angeweza kubebeshwa deni la mwenzake mwenye jina kama lake. Jambo hilo latuhusu hata sisi. Katika kijiji kimoja waweza kukuta watu watatu wenye jina moja na jina la baba moja. Basi unapokopa, hakikisha majina yako yote na namba ya kitambulisho cha taifa vimeandikwa sawasawa.

Sasa turudi kwa yule mjomba mwenye karatasi. Afanye hivi. Kwanza, amweleze mkewe na kumwita mpwa wake, ili jambo lijulikane nyumbani. Pili, siku ya shauri afike mapema, na stakabadhi zote azichukue. Kama sehemu ya deni imekwisha lipwa, aonyeshe ushahidi. Mali bila daftari huisha bila habari. Kama deni ni la kweli, akiri, na aombe kulipa kidogo kidogo, akieleza fedha za korosho zitaingia lini. Mahakama ina uwezo wa kuamuru hivyo. Asiporidhika na hukumu, aweza kukata rufaa Mahakama ya Wilaya katika siku 30. Na kama hukumu ilitolewa hayupo kwa sababu ya haki, kama vile ugonjwa, aende upesi kuomba isikilizwe upya.

Akimaliza kulipa, asiondoke mikono mitupu. Adai barua ya kwamba deni limekwisha, na kwamba taarifa zake zitasahihishwa. Habari ya kuchelewa haifutiki siku ileile, lakini deni lililolipwa halisomwi kama deni lililotupwa. Kila mkopaji ana haki ya kuomba kuziona taarifa zake na kudai makosa yaondolewe. Mkopeshaji wa benki akikataa bila sababu, Benki Kuu hupokea malalamiko, nayo ina tawi Mtwara.

Nawe ambaye bado hujatia sahihi kwa ajili ya mpwa, kumbuka kwamba kudhamini ni kuahidi kulipa. Kabla ya kushika kalamu, kaeni mume na mke mhesabu: asipolipa yeye, je, korosho zetu zatosha? Kama hazitoshi, mwambie hapana leo, wakati bado mnasalimiana. Kukopa harusi, kulipa matanga.