Nani Aingie, Nani Atoke?

Tuchukulie, ndugu askari, ya kwamba ni saa kumi na moja alfajiri katika kituo kimoja cha ulinzi huko Giteranyi, upande wa Muyinga, karibu na mpaka wa Burundi na Tanzania. Ukungu haujainuka mabondeni. Seksheni mbili zimo kambini, na orodha ya zamu iko makao makuu. Mara redio ya upepo inatoa amri kwa Kiingereza: "Substitute" seksheni ya pili "for" seksheni ya kwanza, lindo la darajani. Koplo aliye zamu anaandika, anasoma, anasita. Ni seksheni ipi itakayokwenda darajani, na ni ipi itakayobaki kambini?

Swali hili si la walimu wa sarufi peke yao. Seksheni zote mbili zikidhani kwamba ni zamu ya wenzao, daraja litabaki tupu. Adui au mfanya magendo hahitaji saa nzima. Robo saa yamtosha.

Jibu sahihi ni kwamba seksheni ya pili ndiyo iendayo. Katika kitenzi hicho cha "substitute", kikifuatwa na "for", anayetajwa kwanza ndiye anayeingia, na anayetajwa baadaye ndiye anayetoka. Lakini ndugu yake wa karibu, kitenzi "replace", huenda kinyumenyume: kikifuatwa na "with", anayetajwa kwanza ndiye anayetoka. Maneno mawili yenye maana moja, lakini njia zao zapishana. Juu ya hayo, Waingereza wenyewe wamezidi kuchanganya mambo. Katika kandanda, ambamo wachezaji wa akiba waliruhusiwa kuingia katika Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza mwaka 1970, siku hizi husemwa kwamba aliyekuwa "substituted" ni yule aliyetolewa uwanjani. Kwa hiyo neno hilo likisikika peke yake redioni, halitoshi kuwa amri.

Wako watakaosema kwamba hayo ni matatizo ya Waingereza, sisi yatuhusu nini? Yatuhusu sana. Burundi iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Kiingereza kikawa lugha rasmi nchini humo mwaka 2014. Tangu Desemba 2007 hadi mwisho wa mwaka 2024 wanajeshi wa Burundi walitumikia Somalia bega kwa bega na Waganda, Wakenya na wengineo, na Kiingereza kilikuwa miongoni mwa lugha za kazi. Wala Kifaransa hakituokoi, kwa maana "substituer" na "remplacer" zina mtego ule ule. Kirundi kina uangavu zaidi: katika kitenzi "gusubirira", mtendaji ni yule anayeingia, na mtendwa ni yule anayeachia nafasi.

Na Kiswahili chetu je? Tusijisifu kupita kiasi. Mkuu akisema, "Badilisha seksheni ya kwanza na ya pili," hakuna ajuaye kama moja iondoke nyingine iingie, au zote mbili zipeane nafasi. Hata hivyo, Kiswahili kimetupa hazina ya majina yaliyo wazi. Kaimu hukalia kiti mpaka mwenyewe arudi. Mrithi hukikalia moja kwa moja. Naibu humsaidia mkubwa wake angali yupo. Askari wa akiba hungoja aitwe. Ayatumiaye majina hayo kwa usahihi hahitaji kuulizwa mara mbili.

Liko neno jingine la Kiingereza ambalo askari hana budi kulijua, nalo ni "relieve". Kumfanyia hivyo mlinzi ni kumpokea lindo ili akapumzike. Lakini ofisa akiambiwa kwamba amekuwa "relieved" wa madaraka yake, ameondolewa cheoni. Neno ni lile lile: kwa mmoja ni pumziko, kwa mwingine ni aibu.

Historia nayo yatuonya kwamba kushika nafasi ya mwingine si jambo jepesi. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, sheria ya mwaka 1863 ilimruhusu mtu aliyeitwa jeshini kulipa dola 300 asiende, au kumkodi mtu mwingine aende badala yake. Huyo mkodiwa aliitwa "substitute". Grover Cleveland, aliyekuja kuwa Rais wa nchi hiyo mwaka 1885, alimkodi mtu wa namna hiyo. Maskini walinung'unika kwamba vita vilikuwa vya matajiri, lakini waliopigana walikuwa wao. Risasi haikuuliza nani ameitwa na nani amekodiwa, ilimpata aliyekuwapo.

Tufanyeje basi? Tunapotoa amri ya mabadiliko, tusitegemee kitenzi kimoja. Tutaje mambo manne: nani anaingia, nani anatoka, wapi, na saa ngapi. Kwa mfano: "Seksheni ya pili iende darajani saa kumi na mbili asubuhi. Seksheni ya kwanza ibaki kambini." Naye mpokeaji airudie amri kwa maneno yake mwenyewe, si kama kasuku, ili mtoaji asikie kama imeeleweka. Na akiwa na shaka, aulize. Kumwuliza afande wakati wa amani si utovu wa nidhamu. Kunyamaza na shaka moyoni ndiko kunakoacha daraja tupu.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mlinzi anayefika alfajiri ndiye mgeni, na aliyekesha ndiye mwenyeji. Lakini mwenyeji haponi kwa kuona tu kivuli cha mwenzake njiani. Hupona pale mgeni anapofika, akaambiwa yaliyotokea usiku, akatamka kwamba amelipokea lindo. Mpaka neno hilo litamkwe, mlinzi ni yule yule wa usiku.