Kuku mgeni atengwe siku 21 kabla ya kuingia bandani

Wafugaji wengi wakirudi kutoka soko la Daraja Mbili na jogoo au matetea mawili, huwafungulia papo hapo waungane na wenzao. Ikiwa mmoja ana kideri, boma zima linaweza kubaki bila kuku katika muda wa wiki chache. Njia rahisi ya kupunguza hatari hiyo ni karantini: kumtenga kuku mgeni kwa siku 21.

Kwa nini siku 21?

Kideri, ambao pia huitwa Newcastle, husababishwa na virusi. Dalili huonekana kati ya siku 2 na 15 baada ya kuku kuambukizwa, na anaweza kuwaambukiza wenzake kabla dalili hizo hazijatokea. Kwa hivyo kuku mchangamfu sokoni si lazima awe mzima. Shirika la Afya ya Wanyama Duniani huhesabu siku 21 kwa ugonjwa huu, ili wale wanaochelewa kuugua nao wajulikane.

Ugonjwa ukizuka kijijini, baadhi ya watu hukimbilia kuuza kuku waliosalia kabla hawajafa. Kuku hao hutiwa kwenye tenga moja na wale wazima, kisha hupelekwa kwa bodaboda au matatu hadi Suneka, Keroka na masoko mengine ya Kisii na Nyamira. Kwa sababu hiyo, hata kuku wako uliyempeleka sokoni akakosa mnunuzi ahesabiwe kuwa mgeni anaporudi. Vivyo hivyo kwa kuku wa zawadi kutoka kwa wakwe.

Namna ya kumtenga

Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Leo kamba hiyo iwe chumba chake.

• Mweke mbali na banda kadiri shamba linavyoruhusu. Jiko la zamani, stoo au tenga lililofunikwa vizuri latosha, mradi kuku wa nyumbani wasimfikie.
• Mpe chombo chake cha maji na cha chakula. Visiingie katika banda la wengine.
• Hudumia kuku wako kwanza, mgeni awe wa mwisho. Kisha nawa mikono kwa sabuni na usafishe viatu, kwani virusi husafiri kwa kinyesi kilichoganda kwenye gambuti.
• Usimwage kinyesi chake mahali ambapo kuku wengine huchakura.
• Kagua chini ya mbawa na karibu na mkundu kama kuna chawa, viroboto au utitiri. Muulize afisa wa mifugo kuhusu dawa ya wadudu hao na ya minyoo.
• Ukileta mgeni mwingine kabla siku hazijaisha, anza kuhesabu upya kwa wote.

Dalili za kuangalia

Mtazame asubuhi na jioni. Kusinzia, kukosa hamu ya kula, kuhema kwa shida, kuhara kijani, mbawa kulegea na shingo kupinda ni dalili za hatari. Kuhara damu pia kusipuuzwe.

Akiugua, usimuuze wala usimchinje ugawie majirani. Akifa, mzike kwenye shimo refu au umchome. Usimtupe mtoni wala kwa mbwa. Mjulishe afisa wa mifugo wa wadi yako siku hiyo hiyo.

Karantini haichukui nafasi ya chanjo

Kideri hakina tiba. Chanjo ya matone ya jicho hurudiwa kila baada ya miezi mitatu, na kinga huchukua takriban wiki mbili kujengeka. Chanja kuku wako kabla ya kuleta mgeni. Kumbuka pia kwamba kuku aliyepona homa ya matumbo anaweza kubeba vijidudu vyake kwa muda mrefu bila dalili, kwa hivyo uliza historia ya boma unalonunua.

Wanyama wa porini

Utaratibu huu ni wa mifugo pekee. Nyoka, kobe, kanga wa porini au tombo aliyenaswa shambani hatengwi nyumbani ili afugwe. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inakataza kumiliki mnyama wa porini bila kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Ukikuta nyoka, mwachie nafasi aondoke, zuia watoto wasimkaribie na uwaite maafisa wa KWS.

Udhibiti wa magonjwa ya wanyama ni jukumu la kaunti chini ya Jedwali la Nne la Katiba ya 2010. Hata hivyo, afisa hawezi kuwepo kila lango kuku anapoingia. Siku hizo 21 za kwanza ziko mikononi mwa mfugaji mwenyewe.