Ganda si risasi: tafsiri ya ukurasa mmoja wa ufundi

Muhula uliopita, katika somo la tafsiri, tulipewa ukurasa mmoja wa Kifaransa na mwenzake wa Kiingereza. Unaeleza jinsi wapiga shabaha na wawindaji wa Ulaya na Marekani wanavyolitumia tena ganda la risasi ya bunduki ndefu: kulibana hadi lirudi kwenye kipimo chake, kisha kulipunguza urefu, kabla ya kulijaza upya. Wenzangu wengi walicheka. Sisi tunaotoka Lac Vert hatukucheka sana. Mwalimu alisema ameuchagua kwa sababu sentensi zake ni fupi na kila jina ndani yake ni kitu cha kushika mkononi. Nikadhani nitaumaliza jioni moja. Nilikwama kwenye nomino ya kwanza.

Kifaransa kina *douille*, kina *balle*, kina *cartouche*. Mimi nilikuwa na risasi tu. Risasi ni kile kinachoruka na kuua, risasi ni kitu kizima kabla hakijapigwa, na kwa watu wengi risasi ni hata lile ganda tupu linalobaki chini. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni madini yenyewe, yale mazito ya kijivu yaliyomo kwenye betri ya gari. Ndiyo maana penseli iliitwa kalamu ya risasi. Neno lilianzia kwenye madini, likahamia kwenye kipande cha madini kinachotoka bundukini, kisha likakifunika kila kilichokuwa karibu nacho.

Huku bara likafunga safari ya pili. Masikio yaliyozoea ngeli yaliisikia silabi ya mwanzo kama kiambishi, yakabaki na shina. Kilingala kina *lisasi*, wingi *masasi*. Kiganda kina *essasi* na *amasasi*. Kinyarwanda kina *isasu* na *amasasu*. Sisi Goma tunasema masasi, hata tukiwa tumekamata moja tu. Kwa mwanafunzi wa isimu huo ni mfano mzuri wa neno geni kupewa uraia. Kwa mtu wa Lac Vert ni tatizo, na nitaeleza kwa nini.

Lac Vert ni kartie ya magharibi ya mji wa Goma, upande wa barabara ya kwenda Sake, na imepewa jina la ziwa dogo la kijani lililokaa ndani ya kreta. Miaka hii imejulikana zaidi kwa kambi za waliokimbia vita. Tarehe 3 Mei 2024 mabomu yaliangukia kambi za upande wetu na za Mugunga, watu wakafa. Mwisho wa Januari 2025 mapigano yaliingia mjini kwenyewe. Baada ya hapo, vitu vya shaba na vya chuma vilikuwa vikionekana kwenye mawe ya lava, na watoto huokota kila kinachong’aa, kwa mchezo au kwa kumuuzia mnunuzi wa vyuma vikuukuu. Mdogo wangu aliingia nyumbani siku moja: “Yaya, ona masasi nimeokota.” Mama hakuuliza ni ngapi. Aliuliza: “Ni yenye imepigwa ao ni yenye haiyapigwa?” Alihitaji sentensi nzima kwa jambo ambalo Mfaransa analimaliza kwa neno moja. Nilipofika kwenye nomino ya kwanza ya ule ukurasa, niliikumbuka sentensi yake.

Basi nilianza kwa kukifungua kitu chenyewe. Kina sehemu nne. Mbele kuna kichwa, ndicho kinachoruka. Ndani kuna baruti. Chini katikati kuna fataki, kikombe kidogo chenye kemikali inayowaka ikigongwa na sindano ya bunduki. (Fataki ni pia ile ya sherehe, na Tanzania, baada ya kampeni ya redio ya mwisho wa miaka ya 2000, ni mwanamume mtu mzima anayerubuni wasichana wa shule. Maneno hayana adabu.) Kinachozishika zote tatu pamoja ni ganda. Kitu kizima niliamua kukiita risasi nzima, na kilichobaki baada ya kupigwa ni ganda, basi.

Ganda zuri hutengenezwa kwa mchanganyiko wa shaba, karibu asilimia 70, na zinki, karibu asilimia 30. Madini yote mawili yanachimbwa Katanga. Kipushi peke yake ilitoa shaba na zinki kwa miongo mingi. Mchanganyiko huu huchaguliwa kwa sababu hunyumbuka. Baruti inapowaka, gesi hulisukuma ganda hadi likandamane na kuta za chumba cha bunduki na kuziba kila upenyo, moshi usimrudie mpigaji usoni. Shinikizo likiisha, ganda hujikunja kidogo na kuachia kuta, ndiyo maana linaweza kutolewa. Lakini halirudi lilivyokuwa. Limekuwa nene zaidi kuliko lilivyozaliwa, na lina umbo la chumba cha bunduki ile iliyolipiga, si la bunduki nyingine.

Hapo ndipo kinapoingia kifaa ambacho Mwingereza anakiita kwa neno lilelile la kifo na la dadu. Wenzangu wawili waliandika “kifa”. Kiswahili kina neno lake tangu zamani: kalibu, umbo ambalo kitu hutiwa ndani yake ili kitoke na sura ile. Linatokana na Kiarabu *qalib*, na wataalamu wengi wanakubali kwamba Kiarabu hicho ndicho kilichozaa *calibre* ya Kifaransa, kupitia Kiitaliano. Kwa hiyo kazi ambayo Mfaransa anaiita *recalibrage* ni, kwa asili yake, kurudisha kitu kwenye kalibu. Hata kile kipimo cha taya mbili ambacho Mwingereza anakiita *caliper* ni wa ukoo huohuo. Nyuma zaidi, Kiarabu chenyewe huenda kililipata neno kwa Kigiriki, ambako lilikuwa mguu wa mti wa fundi viatu. Sijapata siku nyingine ambapo neno moja lilinipa ukurasa mzima. Tahadhari ni moja tu, kwa sisi tunaochanganya r na l: “tia ganda kwenye kalibu” isisomwe “tia ganda karibu”.

Kalibu ya ganda la bunduki ndefu ni bomba fupi la chuma kigumu, nje lina hesi, ndani limechongwa umbo la ganda jipya. Hufungwa juu ya mashine ya mkono yenye wenzo. Chini kuna mhimili unaopanda na kushuka, ambao niliuita mchi, kwa kuwa kazi yake ni ya mchi ingawa unapiga kwenda juu, na juu ya mchi kuna kishikio kinacholishika ganda kwenye kitako. Kuipanga kalibu ndiyo roho ya ukurasa ule. Mchi hupandishwa mpaka mwisho bila ganda. Kalibu huzungushwa hadi iguse kishikio. Kisha mchi hushushwa, kalibu huongezwa kiasi, labda robo ya mzunguko, na nati hukazwa. Ganda lililopakwa mafuta kidogo hupandishwa, hubanwa, na sindano iliyo ndani ya kalibu huisukuma nje fataki iliyokwisha kutumika.

Kile “kiasi” ndicho kinachomtofautisha fundi na mtu wa haraka. Ganda lina kiwiliwili, lina bega, mahali linapoanza kusinyaa, na lina shingo inayokishika kichwa. Bega ndilo linaloegemea ukuta wa mbele wa chumba katika risasi nyingi za bunduki ndefu. Kalibu ikiwa juu mno, bega halirudi nyuma vya kutosha na bunduki haifungi. Ikiwa chini mno, bega linasukumwa nyuma kupita kiasi, na ganda linabaki na nafasi ya kucheza ndani ya chumba. Likipigwa, sehemu ya mbele hung’ang’ania kuta huku kitako kikirudi nyuma kuijaza nafasi ile, na shaba hunyooka na kukonda juu kidogo ya kitako. Baada ya mara chache ganda hukatika hapo vipande viwili ndani ya bunduki, gesi ikatoka isikotakiwa. Mafundi waangalifu hulirudisha bega sehemu ndogo sana ya milimita, karibu 0.05, nao hupima badala ya kuhesabu mizunguko tu. Pia huingiza waya uliopindwa ncha ndani ya ganda kutafuta mfereji unaotangulia kukatika.

Hapa ndipo tafsiri ya darasa letu iliposhindwa vibaya, na nisingependa kosa hili lipite kimya. Kiingereza hukiita kitako cha ganda *head*. Karibu darasa zima liliandika: “kagua ganda karibu na kichwa kama lina mstari unaong’aa.” Kwetu kichwa ni kile cha mbele. Msomaji wa tafsiri ile angetazama ncha isiyo na hatari yoyote na kuliacha ganda lenye ufa lirudi kazini. Mfaransa anasema *culot*, kitako, kama sisi. Tulikuwa na lugha mbili mezani, tukamfuata yule aliyeita chini juu, kwa sababu tu tunadhani mambo ya ufundi lazima yatoke kwa Mwingereza.

Kuhusu urefu sitakaa sana. Kila ganda likipigwa na kubanwa, shaba husogea mbele na shingo hurefuka. Risasi iitwayo .308 Winchester, ndugu wa ile ya kijeshi ya 7.62 × 51, ina kikomo cha urefu wa ganda cha milimita 51.18, na kawaida hupunguzwa hadi 50.93. Robo ya milimita. Likizidi kikomo, mdomo wa ganda hujichomeka mwanzoni mwa mtutu na kukibana kichwa kisitoke kwa urahisi, na shinikizo hupanda ghafla. Kitenzi nilichochagua ni kukereza, kwa kuwa kisu chenyewe huzunguka kama cha mashine ya seremala. Baada yake ukingo hulainishwa ndani na nje. Mpangilio ndio muhimu. Kubanwa kwenyewe hubadilisha urefu, hivyo aliyepima kwanza amepima bure. Kifaransa kilisema hivyo kwa maneno mawili, *après recalibrage*, na nusu yetu tuliyaruka. Kiswahili kinayaweka ndani ya kitenzi: likishabanwa, ndipo lipimwe.

Niliulizwa na mwenzangu kama basi maganda ya Lac Vert yana thamani kwa kazi hii. Hayana. Kwanza sheria: tangu ordonansi-sheria ya 1985 kuhusu silaha na risasi, mambo haya nchini mwetu yako chini ya ruhusa ya serikali. Lakini hata maganda yenyewe yanakataa. Mengi ya yale ya 7.62 × 39, ya bunduki za aina ya Kalashnikov, si shaba bali chuma kilichopakwa rangi au kuvikwa shaba nyembamba, sumaku huyashika. Chuma hakinyumbuki kama shaba. Tena mengi hutumia fataki ya Berdan, yenye matundu mawili madogo pembeni badala ya moja katikati, hivyo ile sindano ya kalibu haipati pa kupita. (Berdan alikuwa Mmarekani na mtindo wake ukashika Ulaya na Urusi, Boxer alikuwa Mwingereza na wake ndio unaotumika Marekani.)

Kuna jambo moja kwenye ukurasa ule ambalo nimelipeleka nyumbani kabla ya kulipeleka darasani. Watoto wetu wanaamini kwamba fataki yenye alama ya sindano ni iliyokufa. Si kweli. Sindano inaweza kugonga na fataki isiwake. Risasi ya namna hiyo ina alama, na baruti yake yote bado imo. Kinachoonyesha ganda ni mdomo ulio wazi, hakuna kichwa. Na hilo huonekana kwa kusimama na kutazama, bila kuinama, maana kati ya mawe ya lava, kando ya ganda tupu, kunaweza kuwa na kitu kingine kisicho risasi wala ganda. Jiwe lililopakwa rangi nyekundu lina maana ya kurudi ulikotoka.

Katika nakala niliyokabidhi niliandika mwanzoni orodha ya maneno kumi na moja, jambo ambalo mwalimu hakuliomba. Alikubali kalibu, kitako, bega na kukereza. Mchi aliuwekea alama ya kuuliza. Kwenye “risasi nzima” aliandika pembeni kwamba Kiswahili sanifu hakihitaji kivumishi hicho. Nimekiacha. Mdogo wangu sasa husema “ganda” na “nzima”, na akiona nzima anaita mtu mkubwa.