Wamama, tulale vizuri hata siku za hedhi

Sisi wamama tunaolima lengalenga na matembele huku Hewa Bora, siku za hedhi kazi haingoje. Asubuhi mapema tuko tunamwangilia bustani. Lakini yule aliyeamuka mara tatu usiku kuangalia kama damu imepita kwenye matandiko, jembe itamushinda.

Tulikaa pamoja kuzungumzia hii neno. Tuliona usingizi unategemea pia kile mtu anavaa.

Kitambaa cha liputa si kibaya. Ubaya ni kukianika chini ya kitanda kwa sababu ya haya, zaidi wakati wa mvua, kuanzia Novemba mpaka Aprili. Kinabaki na unyevu, kinaleta muwasho. Tukifue kwanza na maji baridi, kisha sabuni, tukianike juani. Jua ikikosa, tupige pasi ya makala.

Kotex ibadilishwe kila masaa 4 mpaka 6. Ya usiku iwe ndefu na nene, uivae mbele tu ya kulala.

Kikombe cha silikoni kinakaa mpaka masaa 12, kinafikisha asubuhi. Kinatumika miaka mingi, lakini kinaomba mikono safi na kuchemshwa vizuri.

Damu ikijaza kotex kila saa, ao ikipita siku 7, usivumilie. Enda kituo cha afya, usiishiwe damu.

Likelemba yetu inunue mbegu, ndiyo. Inunue na hivi vitu pia. Nanyi wababa wa koperative musikie: mama aliyelala ndiye analima.