SAA MBILI AU MUDA WA SAA MBILI?
Kompyuta, mtihani na saa isiyorudi nyuma



Mgeni anayejifunza Kiswahili huuliza mapema sana: "Saa mbili" maana yake nini? Tunamjibu kwamba ni wakati, ule ambao Waingereza huuandika 8:00. Wiki inayofuata anatusikia tukitangaza "mtihani wa saa mbili", naye anafika saa mbili asubuhi, kumbe tulikuwa tukitaja urefu wa mtihani. Neno ni moja, maana ni mbili: wakati na muda. Binadamu huzitenganisha kwa muktadha. Kompyuta haiwezi, hufanya kile ilichoambiwa na mwandishi wa programu. Katika makala hii tunaeleza jinsi sisi wenyewe tulivyochanganya maana hizo mbili, na dawa yake.

Yaliyotokea Nakivale

Makazi ya wakimbizi ya Nakivale yako wilaya ya Isingiro, kusini-mashariki ya Mbarara. Yamekuwa yakipokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo wanaishi humo watu kutoka Kongo, Burundi, Rwanda, Somalia, Ethiopia na kwingineko. Wengi wao huelewana kwa Kiswahili. Tulikwenda huko kutoka Mbarara tukiwa na programu ndogo ya imla ya dakika 40, ili kuwapanga wanafunzi katika madarasa kulingana na uwezo wao. Kila mmoja alitumia chombo alichokuwa nacho: kompyuta ya Windows, ya Linux, au simu ya Android.

Mwanafunzi mmoja alikuja na kompyuta yake kutoka Bukavu. Saa za Kongo ya mashariki, kama zile za Rwanda na Burundi, ziko nyuma ya saa za Uganda kwa saa moja. Tulianza saa tatu kamili asubuhi, lakini kompyuta yake ilionyesha 8:00. Dakika kumi baadaye mwenzetu aliyekuwa akisimamia aliiona tofauti hiyo na, kwa nia njema kabisa, akaisogeza saa hadi 9:10. Papo hapo programu ikafunga karatasi. Ilitoa 8:00 katika 9:10, ikapata dakika 70, ikaamua kuwa muda umekwisha. Kijana alikuwa ameandika robo tu ya imla, akapewa alama za robo hiyo. Kama tungeziamini alama zile, tungemweka darasa la wanaoanza, hali Kiswahili amekizungumza tangu utotoni. Kosa halikuwa lake wala la msimamizi. Lilikuwa letu tulioandika programu.

Saa mbili ndani ya chombo kimoja

Kila kompyuta ina njia mbili za kuhesabu wakati.

Ya kwanza tunaiita saa ya ukutani. Hujibu swali "Sasa ni saa ngapi, tarehe ngapi?" Katika mifumo mingi huhesabu sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970, kisha huonyesha saa za mahali ulipo. Ni saa inayorekebishwa. Mtumiaji akisogeza saa yenyewe badala ya kubadilisha jina la eneo, kama tulivyofanya sisi, hesabu yote ya ndani huruka. Intaneti nayo huirekebisha. Tena, kompyuta inapozimwa saa hii huendeshwa na betri ndogo. Betri ikifa, kompyuta huweza kuwaka ikidhani ni mwaka wa zamani, kisha intaneti ikipatikana ikaruka miaka mingi kwa mara moja. Palipo na kompyuta kuukuu na umeme wa kukatikakatika, jambo hili si geni.

Ya pili ni saa isiyorudi nyuma. Wataalamu huiita saa ya monotoniki. Hujibu swali "Muda gani umepita?" Huhesabu kwenda mbele tu, mara nyingi tangu kompyuta ilipowashwa, na mtumiaji hawezi kuisogeza. Tarakimu yake peke yake haina maana. Ukiisoma mwanzoni mwa mtihani na kuisoma tena baadaye, tofauti ya hizo mbili ndiyo muda uliopita. Laiti tungeitumia hiyo, kijana wetu angebakiwa na dakika zake 30.

Wakubwa pia hujikwaa

Usiku wa kuamkia 1 Januari 2017, sekunde moja ya ziada iliongezwa kwenye saa za dunia ili ziendane na mzunguko wa dunia. Kwetu Uganda ilikuwa saa tisa za usiku. Baadhi ya seva za kampuni ya Cloudflare zilishindwa kazi, kwa sababu programu yake ilitegemea saa ya ukutani na kudhani kwamba wakati haurudi nyuma. Ilipopata muda ulio chini ya sifuri, ikaanguka. Programu hiyo ilikuwa imeandikwa kwa lugha ya Go, na mwezi Agosti mwaka huohuo toleo la 1.9 la lugha hiyo likaanza kutumia saa isiyorudi nyuma katika kupima muda.

Mambo ya kuzingatia

Kwanza, kila lugha ya programu ina jina lake kwa saa hii. Katika Python ni time.monotonic(), iliyoingia mwaka 2012. Katika Java ni System.nanoTime(), katika kivinjari ni performance.now().

Pili, mifumo haikubaliani kuhusu usingizi. Mwanafunzi akifunika kompyuta nayo ikalala, CLOCK_MONOTONIC ya Linux husimama, lakini elapsedRealtime ya Android huendelea kuhesabu. Hivyo amueni kwanza kama muda wa usingizi unahesabiwa, kisha jaribuni programu kwenye kila mfumo.

Tatu, kompyuta ikizimika na kuwashwa upya, hesabu hii huanza upya. Programu ihifadhi muda uliotumika kila baada ya sekunde chache, ili umeme ukirudi mwanafunzi aendelee alipoachia.

Nne, msilinganishe saa hii baina ya kompyuta mbili, wala msiitumie kuandika tarehe kwenye cheti. Hiyo ni kazi ya saa ya ukutani.

Zoezi la darasani

Walimu wenzetu, andikeni ubaoni: "Mtihani ni saa mbili." Waulizeni wanafunzi kama ni wakati au ni muda. Kisha waongeze neno litakaloondoa utata: "saa mbili asubuhi", "kwa muda wa saa mbili". Wale wanaojifunza kompyuta waseme kila sentensi inahitaji saa ipi kati ya zile mbili.

Kijana wetu tulimrudishia imla siku ileile, safari hii tukipima muda kwa saa ya mkononi ya msimamizi, ambayo hakuna aliyeigusa. Aliimaliza kabla ya dakika 40, akaingia darasa la juu. Ni matumaini yetu kwamba wenzetu watakaoandaa mitihani ya kompyuta hawatasubiri mwanafunzi aumie ndipo wajiulize programu yao inatumia saa ipi.