Mtoto Asiyeweza Kula Ngano

Na Karani wa Parokia, Kabasa

Leo nawasimulia kosa langu mwenyewe, pamoja na mambo niliyojifunza kwa sababu ya kosa hilo.

Ulikuwa wakati wa kuandikisha watoto wa Komunyo ya Kwanza. Nilikuwa mezani pangu, kitabu cha Ubatizo kimefunguliwa mbele yangu, na watu wamejipanga mpaka nje chini ya mwembe. Akaingia mama mmoja na binti yake wa miaka tisa. Tulipokwisha kuamkiana, akatoa karatasi ya hospitali katika pindo la kitenge chake, akaniwekea mezani.

"Mwalimu," akaniambia, maana watu huniita hivyo tangu niliposoma chuo cha ualimu, ingawa sasa kazi yangu ni ukarani, "mtoto huyu madaktari wamemkataza ngano. Hata kidogo. Sasa nauliza, siku ya Komunyo itakuwaje?"

Mimi nilitazama ule mstari mrefu, na jua limekwisha panda, nikajibu upesi: "Mama, hostia ni nyembamba kama jani. Kitu kidogo hivyo kitamdhuru nini?"

Yule mama hakubishana nami. Alikunja karatasi yake, akamshika mtoto mkono. Walipofika mlangoni nikamsikia binti akiuliza kwa sauti ndogo, "Basi mimi sitapokea?"

Niliona haya. Jioni nikamwendea Paroko, nikamweleza yote. Akasema, "Karani, umejibu kabla hujauliza." Tangu siku hiyo nimekuwa nikiuliza: kwa Paroko, kwa mganga wa zahanati, na kwa yule mama mwenyewe, ambaye ajua mengi kupita sisi sote.

Adui aliye katika donge la chapati

Ugonjwa huo madaktari huuita seliaki. Katika ngano, na katika shayiri, na katika rai, nafaka ya nchi za baridi, mna kitu kiitwacho gluteni. Ukitaka kuijua gluteni, tazama mtu akikanda unga wa chapati. Donge lavutika kama ulimbo wa kunasia ndege, wala halikatiki. Ulimbo huo ndio gluteni. Unga wa mtama au wa mahindi ukiukanda hivyo hukatika mara, kwa maana hauna kitu hicho. (Ugali wa muhogo nao huvutika, kama tujuavyo sote, lakini huo ni wanga wake tu.)

Sasa, ndani ya utumbo mwembamba mna vijinyama vidogo mno vilivyosimama kama nyuzi za taulo. Hivyo ndivyo vifyonzavyo chakula na kukipeleka katika damu. Kwa mtu mwenye seliaki, gluteni ikifika hapo, askari wa mwili ambao kazi yao ni kupigana na maradhi humkosea adui, wakaupiga utumbo wenyewe. Zile nyuzi hulala, hufupika, na mwisho utumbo hubaki na upara kama taulo kuukuu. Mtu hula, lakini chakula hakimfai.

Basi dalili zake ni hizi: kuharisha kusikokwisha, tumbo kujaa hewa, kukonda, na uchovu. Mtoto hudumaa, tumbo likavimba na mikono ikawa kama vijiti. Wengine hawaharishi kabisa, ila wana upungufu wa damu usiosikia vidonge, au mifupa dhaifu, au malengelenge yawashayo viwikoni na magotini. Wako akina mama ambao mimba huharibika mara kwa mara. Ugonjwa huu hauambukizi. Hufuata damu ya ukoo: ikiwa mmoja anao, basi kati ya wazazi wake, ndugu zake na watoto wake, yapata mmoja katika kumi huweza kuwa nao pia.

Yule mama aliniambia kwamba kabla ya kufika hospitali kubwa walikwisha ambiwa mengi. Wengine walisema ni minyoo, wengine kijicho cha jirani. Mtu mmoja aliwatajia hata jina la huyo jirani! Miaka miwili watu wa nyumba mbili hawakusalimiana, na kumbe mwenye kosa alikuwa katika sufuria ya maandazi.

Watu wengi wadhani ni ugonjwa wa Wazungu peke yao. Ni kweli kwamba huko Ulaya huonekana kwa mtu mmoja hivi katika kila mia. Lakini Wasaharawi, watu wa jangwa la magharibi ya Afrika, walipopimwa watoto wao katika miaka ya 1990, walikutwa nao zaidi ya 5 katika kila 100. Huku kwetu wachache hupimwa, kwa hiyo wachache hujulikana.

Hapa yanipasa kuonya. Huku kwetu ziwani, mtoto mwenye tumbo kubwa na damu pungufu, mara nyingi sana ana kichocho, au minyoo, au malaria, au amekosa chakula cha kutosha. Msisome habari hii kisha mkaacha dawa za zahanati. Tena jambo hili ni kubwa: msimwachishe mtoto ngano kwanza ndipo mkampeleke kupimwa. Daktari hupima damu, na mara nyingi huingiza tumboni, kwa njia ya koo, mpira mwembamba wenye taa, akachukua kipande kidogo cha utumbo. Mgonjwa akiwa amekwisha acha ngano, vipimo hivyo huweza kusema hana ugonjwa, kumbe anao.

Kome, ndizi na vita

Habari ya jinsi ugonjwa huu ulivyofahamika ni ya ajabu kidogo. Mwaka 1888 daktari Samuel Gee wa London aliandika juu ya watoto wa namna hii, akasema kwamba ikiwa wataponyeka, ni kwa chakula. Alisimulia habari za mtoto mmoja aliyelishwa kome wa Uholanzi kila siku akanawiri. Msimu wa kome ulipokwisha, akaugua tena. Mwaka 1924 daktari Sidney Haas wa New York aliwalisha watoto ndizi mbivu, nao wakapata nafuu. Ndugu zetu wa Bukoba watafurahi kusikia hayo. Lakini haikuwa dawa ya kome wala ya ndizi. Watoto wale walipona kwa kile walichoacha kula, na hakuna aliyekiona.

Aliyekiona ni daktari wa watoto wa mji wa The Hague, Uholanzi, jina lake Willem Dicke. Alikwisha shuku ngano kabla ya Vita Kuu ya Pili. Kisha majira ya baridi ya 1944 hadi 1945 Wajerumani walizuia chakula kisifike magharibi ya nchi ile. Mkate ukaadimika. Watu walikula hata vitunguu vya maua, na maelfu walikufa kwa njaa. Lakini watoto wenye seliaki, ambao siku zote ndio waliokuwa dhaifu kupita wote, walianza kupata nafuu. Mkate uliporudi, nao wakarudi kuugua. Mwaka 1950 Dicke alitoa kitabu cha uchunguzi wake katika chuo kikuu cha Utrecht. Mpaka leo hakuna kidonge cha kuponya ugonjwa huu. Dawa ni kuacha ngano, shayiri na rai maisha yote. Ndipo utumbo huota nyuzi zake upya.

Shamba letu na sahani ya mgeni

Nilimwuliza yule mama, "Sasa mtoto hula nini?" Akacheka. "Mwalimu, hula chakula cha bibi yangu."

Naam, ndivyo ilivyo. Huko Ulaya mgonjwa wa seliaki hununua unga wa pekee kwa bei kali, na sheria za chakula za mataifa zataka usiwe na gluteni kupita miligramu 20 katika kila kilo. Sisi twakaa juu ya chakula hicho. Ugali wa mtama, wa ulezi, wa mahindi, wa udaga. Wali, viazi vitamu, michembe, ndizi, maharage, choroko, karanga, dagaa, sato, maziwa, mayai: vyote hivyo havina gluteni. Uji wa ulezi ni salama. Vitumbua vya mchele mtupu ni salama pia.

Basi taabu iko wapi? Iko katika mambo ambayo mtu hayadhanii. Unga wa lishe uuzwao dukani au kusagwa kijijini mara nyingi huchanganywa na ngano, na kwa yule binti ndio waliompa kwa wingi alipokonda, wakitaka anenepe! Mashine ikisaga ngano kisha ikasaga mtama wako bila kusafishwa, unga wako umekwisha ingiliwa. Samaki wa kukaanga hupakwa unga wa ngano ili asishike kikaango. Mafuta yaliyokaangiwa maandazi hukaangiwa viazi. Tambi, biskuti, sambusa, keki, zote ni ngano. Na watu wazima wajue kuwa bia ya chupa kwa kawaida ni kimea cha shayiri.

Lakini taabu iliyo kubwa ni upendo wa watu. Chapati kwetu ni chakula cha heshima, cha Krismasi na Pasaka na cha mgeni. Mtoto akiikataa, mwenye nyumba huona amedharauliwa. Bibi wa yule binti alilia: "Mnamnyima mjukuu wangu chapati sikukuu?" Akampa moja kwa siri jikoni. Siku mbili mtoto hakuweza kwenda shule. Bibi hakurudia tena. Sasa sikukuu ikifika yeye ndiye humpikia wali katika chungu chake peke yake, na mwiko wake peke yake, na ole wake atakayeugusa.

Basi, siku ya Komunyo

Paroko alinifungulia maandiko ya Kanisa. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 924, yasema mkate wa Ekaristi uwe wa ngano tupu. Kwa hiyo hostia ya mchele au ya muhogo haiwezekani, wala ile ya ngano iliyoondolewa gluteni yote. Hayo yalielezwa wazi katika barua kutoka Roma ya tarehe 24 Julai 2003, iliyotolewa na Kardinali Ratzinger, aliyekuwa baadaye Papa Benedikto wa 16; na mwaka 2017 Kardinali Sarah akayakumbusha. Lakini barua hiyo yaruhusu hostia yenye gluteni kidogo mno, kwa ruhusa ya Askofu. Masista Wabenediktini wa Clyde, huko Missouri, Marekani, hutengeneza hostia za namna hiyo. Na asiyeweza hata hiyo, aruhusiwa kupokea Damu Takatifu peke yake katika umbo la divai. Hapungukiwi na kitu, kwa maana Mtaguso wa Trento ulifundisha mwaka 1562 kwamba Kristo yu mzima katika umbo lo lote la hayo mawili.

Hostia za Marekani hatukuwa nazo. Paroko akachagua kalisi. Lakini si ile kubwa, maana katika hiyo padre hutia kipande cha Hostia. Tulitafuta kalisi ndogo ya pili, ikawekwa kando juu ya altare, ikafunikwa, na mtumikiaji akaambiwa asiiguse kwa kitambaa kilichofuta patena.

Nilikwenda nyumbani kwa yule mama mwenyewe kumpa habari, nikamwomba radhi kwa maneno yangu ya siku ile. Katika kitabu changu nimeandika pembeni ya jina la binti, "Kalisi peke yake," ili karani atakayenifuata asijibu upesi kama mimi.

Siku yenyewe alisimama wa mwisho katika mstari, gauni jeupe, mikono imefumbwa. Alipokea, akakunja uso kidogo, akarudi mahali pake akapiga magoti. Baada ya Misa alinikuta nje chini ya mwembe.

"Mwalimu," akasema, "kumbe divai ni kali."