Sura ya Nne: Dirishani kwa Ofisa Uhamiaji

Kauli ninayokutana nayo kuliko zote, kwa wanafunzi wa sheria, kwa madereva wa malori na hata kwa waheshimiwa wabunge, ni hii: "Kule hatuhitaji viza, kwa hiyo hawawezi kutuzuia." Nusu yake ya kwanza mara nyingi ni kweli. Nusu ya pili ndiyo inayowalaza watu kwenye mabenchi ya viwanja vya ndege, na ndiyo iliyonifanya niiweke sura hii mbele ya ile ya vibali vya ukaazi, ambayo kwa mpangilio wa kawaida ingetangulia.

Viza ni ruhusa ya kufika mpakani na kuomba kuingia. Uamuzi wa kuingia hufanywa na ofisa aliyeketi dirishani, siku hiyo, kwa sheria ya nchi yake. Nchi mbili zikifutiana viza, kinachoondoka ni hatua ya ubalozini tu. Maswali ambayo ubalozi ungeyachambua kwa wiki mbili, ofisa anayauliza kwa dakika mbili: unakwenda kwa nani, utakaa siku ngapi, nauli ya kurudi unayo, kadi ya homa ya manjano iko wapi? Anayesafiri bila viza ndiye anayepaswa kubeba barua ya mwaliko na anwani ya mwenyeji wake, kwa sababu hakuna aliyewahi kuzikagua kabla yake.

Kabla ya kumfikia ofisa huyo kuna mlinzi mwingine, naye hana sare ya serikali. Chini ya Kiambatisho cha 9 cha Mkataba wa Chicago wa 1944 kuhusu usafiri wa anga, abiria aliyekataliwa kuingia hukabidhiwa shirika la ndege lililomleta, nalo ndilo linalowajibika kumwondoa. Ndiyo maana karani wa kaunta pale Nairobi au Dar es Salaam hudai kuona tiketi ya kurudi. Abiria humgombeza wakidhani anajitungia sheria, kumbe anamkinga mwajiri wake na hasara.

Ruhusa ya kuingia bila viza hutoka katika vyanzo vitatu, na kuvichanganya ndiko kunakozaa upotofu mwingi: mkataba wa nchi mbili, uamuzi wa nchi moja peke yake, na mkataba wa jumuiya.

Tuanze na nchi mbili. Ukisoma gazetini kwamba nchi yako na nyingine zimefutiana viza, kabla hujashangilia tafuta ni pasipoti za aina gani. Mikataba mingi huanzia kwenye pasipoti za kidiplomasia na za utumishi, na mingi huishia hapo hapo. Mawaziri wanapita, mwenye pasipoti ya kawaida anabaki kwenye foleni ya ubalozi. Wakenya walisubiri muda mrefu kupata msamaha wa viza ya Afrika Kusini kwa pasipoti za kawaida. Ulitangazwa Rais Cyril Ramaphosa alipotembelea Nairobi Novemba 2022, ukaanza kutumika tarehe 1 Januari 2023: siku 90 katika mwaka wa kalenda.

Maneno hayo ya mwisho yasomwe polepole. Wapo watu wazima na elimu zao wanaopanga kukaa Johannesburg siku 90, kuvuka hadi Maputo wikiendi moja, kisha kurudi wakiamini muhuri mpya umefuta hesabu ya zamani. Haufuti. Siku zikiisha Aprili, unangoja Januari. Ulaya, kwenye eneo la Schengen, hesabu ni nyingine kabisa: siku 90 ndani ya siku 180, na hizo 180 hazianzi tarehe uliyoingia. Kila siku unayokuwapo, ofisa anageuka nyuma na kuhesabu ulizokaa katika siku 180 zilizopita. Kila mkataba una kalenda yake, na ujanja wa "kutoka na kurudi" uliomfaa binamu yako mahali fulani unaweza kukufungia nchi nyingine kwa miaka.

Mikataba hii ya nchi mbili ina vifungu vinavyojirudia karibu neno kwa neno. Mgeni haruhusiwi kufanya kazi. Mgeni anatii sheria za nchi mwenyeji. Kila nchi inabaki na haki ya kumkataa mtu isiyemtaka, na inaweza kusimamisha mkataba wote au sehemu yake kwa kumtaarifu mwenzake. Raia anayesafiri hana chochote katika karatasi hiyo anachoweza kukipeleka mahakamani. Ni ahadi ya serikali kwa serikali.

Chanzo cha pili, uamuzi wa nchi moja, ndicho chenye kelele nyingi. Siku ya Jamhuri, Desemba 2023, Rais William Ruto alitangaza kwamba kuanzia Januari 2024 hakuna mgeni atakayehitaji viza kuingia Kenya. Dunia ikashangilia. Kilichofuata ni kibali cha kielektroniki cha kusafiri, cha dola 30, kinachoombwa kabla ya kupanda ndege. Waghana na Wamalawi waliokuwa wakiingia Kenya bila kulipa chochote wakajikuta wanajaza fomu na kulipa, kwa jina la kuondolewa viza. Katikati ya 2025 Kenya ililegeza, ikawasamehe raia wa Afrika kibali hicho, isipokuwa wa Libya na Somalia.

Msomaji makini atakuwa ameshtuka hapo, maana Somalia ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2024. Nami nataka ashtuke. Kujiunga na jumuiya na kufutiwa viza ni mambo mawili. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilikamilisha kujiunga Julai 2022, lakini Wakongomani waliendelea kuhitaji viza ya Kenya hadi Septemba 2023. Mkutano wa marais unaweza kupiga picha leo, na waraka unaomfikia ofisa dirishani ukachukua mwaka na zaidi.

Kuna mtindo wa siku hizi wa kupima "nguvu ya pasipoti" kwa orodha, maarufu zaidi ikiwa ile ya Henley, na kila mwaka magazeti yetu huichapa kama matokeo ya ligi. Orodha hiyo inahesabu nchi ambazo huhitaji viza ubalozini, zikiwemo zile unazolipia viza uwanjani unapofika. Haikwambii kama ukifika utaulizwa maswali matatu au thelathini, wala kama utaruhusiwa kukaa siku 14 au miezi sita. Kuchagua safari, achilia mbali kuchagua uraia, kwa namba ile ni upuuzi.

Na upo upuuzi mbaya zaidi, kwa sababu unachukua fedha za watu wasio nazo. Wapo waganga wanaouza dawa ya kumlainisha ofisa uhamiaji, na wapo wahubiri wanaoagiza pasipoti ziletwe madhabahuni zipakwe mafuta. Nasema bila kumung'unya: pasipoti iliyolowa mafuta hadi mashine ikashindwa kuusoma ukurasa wa picha ni pasipoti iliyoharibika, na hiyo ni sababu halali ya kukataliwa. Anayetaka kuomba aombe, lakini pasipoti aiache kwenye bahasha yake.

Sasa chanzo cha tatu, mkataba wa jumuiya. Afrika Magharibi walitutangulia: itifaki ya ECOWAS ya 1979 iliwapa raia wao siku 90 bila viza. Sisi wa Afrika Mashariki tuna Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyosainiwa Novemba 2009 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Chini yake raia wa nchi mwanachama anaingia nchi nyingine bila viza na kupewa hati ya kukaa hadi miezi sita, kwa matembezi, matibabu, masomo au kupita tu. Kenya, Uganda na Rwanda zilikwenda mbele zaidi, na tangu 2014 raia wao huvuka baina yao kwa kitambulisho cha taifa. Tanzania haikujiunga na mpango huo, kwa hiyo Mkenya anayefika Namanga na kitambulisho peke yake atatafutiwa hati ya muda au atarudi Nairobi. Hakuna aliyemwonea.

Kazi nayo ina masharti yake. Mwenye mkataba wa ajira unaozidi siku 90 anapaswa kuomba kibali ndani ya siku 15 za kazi, na kila nchi imeorodhesha ajira ilizozifungua. Biashara ni vivyo hivyo. Julai 2025 Tanzania ilitoa amri ya kuwakataza wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwemo uwakala wa fedha za simu na ufundi wa kukarabati simu. Wakenya wengi walipiga kelele wakisema wanaingia bila viza. Kama amri ile inagongana na Itifaki, inagongana na vifungu vya kuanzisha biashara na kutoa huduma. Kukosekana kwa viza hakuhusiki hata kidogo.

Nilikuwa nimepanga kufunga sura kwa jedwali la nchi zote nane za Jumuiya, nani anamdai nani nini. Jedwali nimelihamishia mwisho wa kitabu. Nafasi iliyobaki naipa kesi moja, kwa sababu bila hiyo sentensi "tuna haki ya kuingia" haina maana yoyote.

Tarehe 13 Aprili 2011 Samuel Mukira Mohochi, wakili Mkenya wa haki za binadamu, alishuka Entebbe akiwa na ujumbe wa mawakili waliokwenda kuonana na Jaji Mkuu wa Uganda. Wenzake walipita. Yeye alizuiwa, akawekwa kando, kisha akarudishwa Nairobi. Shirika la ndege lilipewa ilani ya kumrudisha mhamiaji aliyepigwa marufuku. Kwa lugha ya mtaani, alipigwa PI (kifupi cha Kiingereza cha "prohibited immigrant"). Kosa lake halikutajwa kwenye ilani, na hakuna aliyemwambia.

Angekuwa raia wa nchi yenye mkataba wa kawaida wa kufutiana viza, habari ingeishia hapo. Balozi wake angeandika barua ya malalamiko, basi. Mohochi alikwenda Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, Arusha, akamshtaki Mwanasheria Mkuu wa Uganda. Uganda ilijibu kwa hoja ambayo kila serikali duniani huijua kwa moyo: sisi ni dola huru, na sheria yetu ya uraia na uhamiaji, kifungu cha 52, inatupa mamlaka ya kumkataa tusiyemtaka.

Hukumu ilitolewa tarehe 17 Mei 2013, na inastahili kusomwa na kila anayevaa sare ya uhamiaji katika ukanda huu. Majaji hawakusema Uganda imepoteza mipaka yake. Walisema Uganda yenyewe, kwa hiari yake, ilisaini Mkataba wa Jumuiya na Itifaki, na kwa saini hiyo ikajiwekea mipaka katika kumkataa raia wa nchi mwanachama. Ibara ya 7 ya Itifaki inaruhusu kumzuia mtu kwa sababu za sera ya umma, usalama wa umma au afya ya umma, na nchi inayozuia inapaswa kuzitaarifu nchi wenzake. Kwa hiyo sababu lazima iwepo, na lazima isemwe. Kumrudisha Mohochi bila kumweleza kosa na bila kumpa nafasi ya kujitetea kulivunja Itifaki, na kulivunja pia misingi ya utawala wa sheria iliyomo katika Mkataba wa Jumuiya.

Tofauti ninayoitafuta tangu mwanzo wa sura iko hapa. Msamaha wa viza ni hisani ya mwenyeji, na hisani haidaiwi. Itifaki ni haki ya msafiri, na anayeizuia anapaswa kutoa maelezo. Ofisa anayekataa kutaja sababu kwa Mjerumani anaweza kuwa ndani ya sheria. Akimfanyia hivyo Mrundi au Mkenya, anavunja mkataba uliosainiwa na nchi yake mwenyewe.

Serikali zetu zinaijua hukumu hii na bado zinatenda kana kwamba haikutolewa. Mei 2025 Martha Karua, aliyewahi kuwa waziri wa sheria wa Kenya, alifika Dar es Salaam kufuatilia kesi ya Tundu Lissu, mwanasiasa wa upinzani wa Tanzania, akazuiwa uwanja wa ndege na kurudishwa kwao. Wengine waliomfuata walizuiwa vilevile. Raia wa Afrika Mashariki anayerudishwa ana haki ya kuambiwa anahatarisha nini hasa: sera ya umma, usalama au afya. Neno "mgeni" peke yake halimo katika orodha ya ibara ya 7.

Kwa hiyo ukizuiwa kwenye mpaka wowote wa nchi wanachama, usigombane na usisaini karatasi ambayo hujaisoma. Omba sababu, na uiombe kwa maandishi. Wakikataa, andika jina au namba ya ofisa, saa, na maneno aliyoyatumia. Piga picha ya muhuri au ilani uliyopewa, na utunze kipande cha tiketi. Huhitaji kumaliza kwanza mahakama za nchi iliyokuzuia. Ibara ya 30 ya Mkataba inamruhusu mtu yeyote anayeishi katika nchi mwanachama kwenda Mahakama ya Afrika Mashariki moja kwa moja. Lakini ibara hiyo hiyo inakupa miezi miwili tu tangu tukio litokee, au tangu ulipolifahamu. Majaji wa Arusha wamekuwa wakali kuhusu muda huo, na wasafiri wengi huufikia mlango wa wakili wakati umeshapita.